Bahasha, mpango wa milo au daftari: ipi ikushikie bajeti ya chakula ya wiki?

Familia ndogo, tuseme watu wazima wawili na mtoto mmoja au wawili, mara nyingi haiangushwi na manunuzi makubwa. Makubwa tunayajadili kabla ya kuyafanya na tunayakumbuka baadaye. Kinachomaliza pesa ni vya njiani: mkate uliopitiwa jioni wakati nyumbani upo nusu, kopo lililochukuliwa kwa kuwa lilikuwa na punguzo, mboga iliyonunuliwa huku mwenzake amelala chini ya friji tangu Jumapili. Wiki inakatika, pesa imekwisha, na hakuna ndani ya nyumba anayeweza kusema ilikwenda wapi.

Nimeishi na njia tatu za kuishika bajeti hii, kila moja kwa muda wa kutosha kuijua tabia yake: bahasha ya pesa taslimu, mpango wa milo na daftari la matumizi. Watu wakizilinganisha huuliza ipi ni rahisi. Mimi naona cha kuangalia ni wakati ambao kila njia inakushika mkono. Mpango wa milo hukushika kabla hujatoka nyumbani. Bahasha hukushika pale unapolipa. Daftari hukushika usiku, pesa imeshatoka, ukiwa umetulia na risiti zako. Ukijua pesa inakuponyoka wakati gani, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Kwanza kiasi chenyewe

Kuna kosa la hesabu linaloharibu njia zote tatu hata kabla hazijaanza. Wengi hulipwa kwa mwezi na kununua kwa wiki, kwa hiyo huchukua pesa ya chakula ya mwezi na kuigawa kwa 4. Lakini mwezi una wiki 4 na siku mbili tatu juu yake, na mwaka una wiki 52, wala si 48. Ukigawa kwa 4 na kutumia kiasi hicho kila wiki, mwaka ukiisha utakuwa umekula pesa ya miezi 13. Zile siku za mwisho wa mwezi ambazo kila nyumba huzilalamikia, sehemu ya shida yake ni hesabu hii.

Zidisha kiasi cha mwezi kwa 12, kisha gawa kwa 52. Kama mwezi mzima ni 100, wiki inapata 23 badala ya 25. Hizo 2 zinazobaki kila wiki ndizo zitakazowalisha tarehe 29, 30 na 31. Mwenye kipato kisicho na tarehe achukue mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote kati ya sita iliyopita, afanye huo kuwa msingi, na mwezi mzuri ukija ziada aipeleke kwenye vitu visivyooza.

Usijipime kwa asilimia za jirani. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo, ndivyo fungu kubwa zaidi la kipato hicho linavyokwenda kwenye chakula. Anayekwambia chakula kisizidi asilimia fulani ya mshahara anazungumza kutoka kwenye mshahara wake.

Bahasha

Pesa ya wiki inatolewa siku moja, inawekwa kwenye bahasha, ikiisha imeisha. Hakuna kuandika wala kujumlisha, unafungua, unaona. Nguvu yake ni noti kupungua mbele ya macho yako. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha majaribio ya mnada wa tiketi za michezo, ambamo walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hadi maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi ni kitu cha hamu, na siamini kwamba kuna anayelipa maradufu kwa kilo ya mchele kwa sababu tu ana kadi. Lakini mtu aliyebeba kikapu akijua mfukoni ana kiasi hiki na si zaidi, huyo hurudisha vitu rafuni. Nimejiona nikifanya hivyo mara nyingi.

Bahasha moja, hata hivyo, iliniangusha, na nataka kueleza vizuri ilivyoniangusha kwa sababu wengi huachia hapo hapo. Wiki mbili zilikwenda salama. Ya tatu, Jumatano, mafuta ya kupikia, mchele na sabuni ya kufulia vilikwisha kwa pamoja. Bahasha ilikuwa chini ya nusu. Nikachota kwenye pesa ya wiki inayofuata, na wiki hiyo nikaianza nikiwa na pengo, nikachota tena. Nilidhani sina nidhamu. Kumbe nilikuwa nimeipa bahasha moja kazi mbili.

Jikoni kuna vitu vya wiki na vitu vya kabati. Vya wiki ni mboga, matunda, maziwa, mayai, mkate, nyama: vinaisha au vinaharibika ndani ya siku chache. Vya kabati ni mafuta, mchele, unga, sukari, chumvi, sabuni: kimoja kinadumu wiki tatu, kingine tano, kingine saba, na siku zao za kuisha zikigongana, bajeti inapasuka hata kama hukununua kitu kimoja cha anasa.

Dawa ni bahasha mbili. Kwetu, katika kila 100 ya wiki, 70 inakwenda kwenye bahasha ya wiki na 30 kwenye bahasha ya kabati. Kwako inaweza kuwa 60 kwa 40. Bahasha ya wiki inaanza upya kila wiki. Ya kabati inaruhusiwa kulala na kunenepa. Wiki ambayo hakuna kilichokwisha, haiguswi kabisa.

Nilipataje hiyo 30? Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika tarehe kwenye mfuniko wa chupa ya mafuta siku niliyoifungua. Nikafanya hivyo kwenye mfuko wa mchele, wa unga, na kwenye sabuni. Chupa ilipokwisha nilihesabu siku. Kitu kikidumu siku 35, yaani wiki 5, kila wiki inapaswa kukichangia sehemu ya tano ya bei yake. Jumlisha michango hiyo kwa vitu vyote vya kabati, na umepata kiasi cha bahasha ya pili kwa ushahidi wa nyumba yako mwenyewe. Inachukua kama miezi miwili kukamilika. Katika yote nitakayoyasema hapa, hili ndilo lililobadilisha jikoni kwetu kuliko lingine lolote.

Udhaifu wa bahasha: wanunuzi wakiwa wawili, mmoja anayo na mwingine anapita dukani bila kujua imebaki kiasi gani. Wanaolipa kwa simu au kadi wanaweza kutenga kiasi cha wiki kwenye akaunti ya peke yake, ambayo haitumiki kwa kitu kingine; nguvu ya noti inapungua kidogo, lakini mpaka unabaki. Na kubwa zaidi, bahasha haikwambii ununue nini. Inaweza kukuzuia usizidishe na bado ukatupa robo ya ulichonunua.

Mpango wa milo

Hapa kazi inafanyika mezani. Unaandika mtakachokula, unakagua kilichopo, na orodha ya kununua ni tofauti kati ya hivyo viwili.

Kwa familia ndogo nadhani hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na sababu ni ukubwa wa pakiti. Vitu vingi vinafungwa kwa vipimo vinavyozidi hamu ya watu watatu. Kabichi halijui mko wangapi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2024, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokuwa kimeshafika kwa walaji, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Kwa mtu mmoja ni wastani wa kilo 79 kwa mwaka, maganda na mifupa vikiwemo. Kwa nyumba ya watu watatu ni kilo 237.

Nilipoziona hizo kilo nilikwenda kufungua droo ya chini ya friji. Mfuko wa mboga za majani, ndani yake maji ya kijani na shina mbili bado zimesimama. Nyanya tatu zenye ngozi iliyokunjamana. Nusu ya kitunguu, uso wake umekauka kama karatasi. Kila kimoja nilikilipia, nikakibeba, nikakiosha, nikakihifadhi.

Kosa la wanaoanza ni kuuliza "tunataka kula nini?" Swali la kwanza liwe "kuna nini kinachokaribia kuharibika?" Fungua friji ukiwa na kalamu, andika hivyo kwanza, na milo miwili ya mwanzo itoke humo. Kisha panga usiku tano tu, usipange saba. Usiku mmoja ni wa viporo, na mwingine uache wazi, kwa sababu atakuja mgeni, au mtoto ataugua, au mtachoka. Mpango wa siku saba zilizojaa huvunjika siku ya tatu, na ukivunjika watu huutupa wote.

Mpangilio wa siku nao una maana. Majani laini yaliwe siku mbili za mwanzo. Karoti, kabichi, vitunguu na viazi vinasubiri mwisho wa wiki bila kulalamika. Nafaka na maharage makavu yajaze mapengo.

Kuhusu viporo kuna mipaka ambayo bajeti haipaswi kuivuka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, friji iwe chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi, viporo visizidi siku 3 humo ndani, na visipashwe moto zaidi ya mara moja. Kwa hiyo chungu kikubwa cha Jumapili hakiwezi kuwa chakula cha Ijumaa, labda ukigandishe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, tena kwa vifungu vya mlo mmoja mmoja.

Ukipanga, jifunze pia kusoma tarehe za pakiti. "Tumia kabla ya" inahusu usalama, na ikipita usibahatishe. "Bora kabla ya" inahusu ladha na ubora. Tambi au mchele uliopita tarehe hiyo kwa wiki chache, ukiwa umehifadhiwa pakavu na hauna wadudu wala harufu, si wa kutupa. Nimewahi kutupa pakiti nzima ya tambi kwa kutojua tofauti hii.

Mpango wa milo una kasoro zake. Haujui bei, unaweza kupanga wiki nzuri kabisa na ukaumbuka kwenye kulipa. Unataka nusu saa ya utulivu kila wiki, ambayo nyumba nyingine haina. Na kama anayepanga siye anayepika, wakubaliane kwanza, la sivyo orodha inabaki kuwa karatasi.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halikuzuii kutumia, linakuonyesha tu, na kwa watu wengine kuona kunatosha.

Kosa lake kubwa ni kuandika kupita kiasi. Ukiandika kila kichane na kila punje utachoka ndani ya siku kumi. Mafungu manne yanatosha: vya kabati, vibichi, vya njiani, na visivyo chakula. Fungu la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu dawa ya meno na nepi huingia kwenye risiti moja na mboga, halafu tunashangaa chakula kimepanda. Weka alama ya nyota pembeni ya chochote ambacho hukukusudia kununua ulipotoka nyumbani. Fanya hivyo wiki 4 mfululizo, kisha jumlisha nyota.

Mimi daftari lilinionyesha nisichokitarajia. Sikuwa nanunua vitu ghali. Nilikuwa naenda dukani mara nyingi mno. Wiki moja nilihesabu safari sita, na kila safari ya kufuata kitu kimoja ilirudi na vitatu. Nilipozipunguza hadi mbili, nyota zilipungua zenyewe bila kujinyima chochote ninachokikumbuka.

Andika na uzito pia, pembeni ya bei. Pakiti ikishuka kutoka gramu 500 hadi 450 na bei ikabaki ile ile, umeongezewa bei kwa asilimia 11 kimyakimya. Jicho halioni gramu 50, daftari linaona.

Programu za simu ni daftari lenye haraka zaidi. Faida yake ya kweli ni orodha moja inayoonekana kwenye simu mbili, hivyo baba na mama hawanunui maziwa siku moja. Zaidi ya hapo, kalamu inatosha.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Bahasha | Mpango wa milo | Daftari |
|---|---|---|---|
| Hukushika lini | Unapolipa | Kabla ya kutoka | Baada ya kulipa |
| Huziba nini | Kuzidisha kiasi | Kutupa chakula, "leo tunakula nini" | Kutojua |
| Muda wa kuifanya | Dakika chache | Kama nusu saa kwa wiki | Dakika 5 kila siku ya manunuzi |
| Huona bei? | Kwa jumla tu | Hapana | Ndiyo, hata uzito |
| Huvunjika lini | Vya kabati vikiisha pamoja | Wiki yenye mambo yasiyotarajiwa | Ukichoka kuandika |

Jumla au rejareja

Swali hili hufuata mara tu bajeti inapoanza kutulia, na jibu lake ni hesabu moja rahisi. Punguzo la kununua pakiti kubwa lina maana pale tu ambapo sehemu unayotupa ni ndogo kuliko punguzo lenyewe. Pakiti kubwa ikiwa nafuu kwa asilimia 20 kwa kila kilo, ukitupa moja ya tano umerudi pale pale. Ukitupa robo, umelipa zaidi ya aliyenunua ndogo. Kwa chumvi, mchele na sabuni hutupi kitu, nunua kubwa ukiwa na pa kuhifadhi. Kwa maziwa, mkate na mboga za familia ya watu watatu, ndogo mara nyingi ndiyo nafuu, hata kama bei ya kilo inasema vingine. Angalia pia mkono wako: mafuta yakiwa mengi humwagwa mengi zaidi kwenye sufuria.

Na tahadhari moja kwa wenye kipato chembamba. Pesa iliyolala kwenye gunia haiwezi kununua dawa. Usinunue kwa jumla kwa pesa ya bahasha ya wiki. Subiri ya kabati ijae, au mgawane gunia na ndugu au jirani.

Mfano wa maharage unafaa hapa. Kilo 1 ya makavu ikipikwa hutoa kama kilo 2 na nusu. Kopo la gramu 400 likichujwa maji linabaki na gramu 240 hivi. Kwa hiyo kilo moja kavu inafanya kazi ya makopo kama 10. Ongeza gharama ya moto na muda, ambao ni gharama halisi kwa mama anayerudi nyumbani saa moja usiku. Ukiyaloweka usiku kucha, ukapika yote kwa mara moja na kugandisha kwa mafungu, makavu yanashinda kwa mbali. Kama huna friza, pika kiasi cha siku mbili tatu tu, na weka makopo mawili kabatini kwa ajili ya siku mbaya.

Uchague ipi

Kama kila wiki unakopa dukani au unachota ya wiki ijayo, anza na bahasha mbili. Usianze na daftari. Utakuwa unaandika deni linavyokua.

Kama pesa inatosha lakini ndoo ya taka inajaa chakula, au kila jioni swali la "tupike nini" linaishia kwenye kununua chakula kilichopikwa, anza na mpango wa milo.

Kama hukopi, hutupi, na bado haitoshi, daftari, wiki 4. Kuna uwezekano litakuonyesha safari nyingi au nyota nyingi. Na kuna uwezekano litakuonyesha hakuna uvujaji wowote, kwamba bei zimepanda na kiasi chenyewe ni kidogo. Hilo nalo ni jibu la maana sana ndani ya nyumba, maana linakomesha ule ugomvi wa nani anatapanya, na mazungumzo yanahamia kwenye kipato, au kodi, au gharama nyingine inayoweza kupunguzwa.

Sipendekezi zote tatu kwa mara moja. Nilijaribu, na baada ya siku kumi na mbili nilikuwa nimeziacha zote. Kama ningeulizwa nichukue moja tu kwa nyumba ya watu watatu, ningechukua mpango wa milo, na ningeibeba bahasha ya kabati pembeni yake, kwa kuwa inaziba pengo ambalo mpango haulioni. Daftari nalitoa mara mbili kwa mwaka, wiki 4 kila mara, kupima kama ile 70 kwa 30 bado inasimama. Mara ya mwisho haikusimama. Mtoto amekua, anakula kama mimi, na sasa ni 65 kwa 35.